Miji Arobaini na Mmoja, Majibu Arobaini

Nkoma, Itilima
Jumatatu, 3 Juni 2024

Mjukuu wangu Maximiliana,

Natumaini barua hii itakukuta salama huko Bariadi. Sisi tu wazima, isipokuwa kwa mambo nitakayoyaeleza kwa mpangilio wake.

Kwanza, usinipigie simu. Simu yangu ndiyo uliyoitia programu ya sungusungu, na tangu mwezi Mei inakaa mezani kwa kamanda Magese. Kila kinachoingia husomwa kwa sauti mbele ya watu. Maneno ya nyumbani yatapita kwenye karatasi, kwa mkono wa kondakta wa basi la asubuhi, kama hii.

Pili, programu yako imefanya kazi. Alhamisi iliyopita Mzee Mihayo aliamka akakuta zizi limefunguliwa na ng'ombe saba hawapo. Mwano, yowe la kuita watu, ulipigwa saa kumi na mbili asubuhi, na kufikia saa mbili wanaume zaidi ya mia walikuwa uwanja wa gulio na fimbo zao. Zamani hapo ndipo ugomvi ungeanza: huyu amtaje jirani yake, yule amtetee shemeji yake. Safari hii Magese aliandika jina la kijiji kwenye simu, akabonyeza, na jibu likaja: mtu mmoja tu kijijini alipigiwa kura ya ndiyo, yaani kwamba anashukiwa wizi. Jina likasomwa. Hakuna aliyelitaja, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Mashine haina jirani wala mkwe.

Mtu huyo alihojiwa, akakana. Akaulizwa tena, akakana. Fimbo ya kwanza niliipiga mimi, kwa sababu ambayo si lazima kuieleza leo. Baada ya hapo zilikuwa fimbo za watu wote. Mkono wake wa kulia ulivunjika chini ya kiwiko. Niliusikia kabla sijauona. Alitema meno mawili, akayatazama mchangani kana kwamba ni ya mtu mwingine. Luhende, aliyekuwa amemshika miguu, alimwambia, "Taja tu, ndugu yangu, hata sisi tumechoka." Watu wakacheka. Wakati huo lori la pamba lilipita katikati ya uwanja likipiga honi, watu wakatawanyika, na yule mtu akainuka akadandia nyuma ya marobota akaondoka.

Mkutano umeamua kuwa popote atakapoonekana, auawe. Nimeuandika uamuzi huo kwenye daftari kwa mkono wangu.

Baba yako hayupo nyumbani kwa sasa. Usihangaike kumtafuta.

Ni mimi babu yako,
Mwl. Ndalahwa (mstaafu), Katibu

*

Bariadi
Alhamisi, 6 Juni 2024

Guku, mwangaluka.

Barua yako nimeipokea jana jioni stendi. Nimeisoma mara tatu. Nashukuru kwamba u mzima, babu.

Guku, naomba jambo moja, na naliomba kwa heshima. Naomba mtu yeyote asiguswe tena kwa kutumia ile programu mpaka niikague. Kuna marekebisho madogo nataka kuyafanya. Ni kawaida tu. Kazi yoyote mpya hukaguliwa baada ya mwezi. Ofisini kwetu tunafanya hivyo kila mara.

Naomba pia uniambie jina la mtu aliyepigwa. Hukuliandika. Si kwamba nataka kuingilia mambo ya wazee. Nalihitaji kwa ukaguzi.

Na baba yuko wapi? Simu yake haipatikani tangu Alhamisi iliyopita. Mama naye akipokea analia, kisha anakata.

Tafadhali usikawie.

Mjukuu wako,
Maximiliana

*

Nkoma
Jumamosi, 8 Juni 2024

Maximiliana,

Umeandika "marekebisho madogo" na "kawaida tu". Nimefundisha miaka thelathini na minne. Mwanafunzi anayesema "kidogo tu" amevunja dirisha. Ukiwa na hitilafu ya kunieleza, ieleze kwa lugha iliyo wazi, mwanzo hadi mwisho, maana nitakachokipokea nitakipeleka mkutanoni.

Sasa nitakujibu ulichouliza. Mtu aliyepigwa ni Jilala, mwanangu wa kwanza, baba yako.

Nilificha kwa sababu nilitaka kwanza ujue kazi yako ilivyofanya, kisha ujue imemfanya nani. Nilidhani mpangilio huo ungekuwa rahisi kwako. Naona haukuwa mpangilio mzuri.

Magese aliposoma jina, watu wote walinigeukia mimi. Hawakumtazama Jilala, ambaye alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwangu na fimbo yake mwenyewe mkononi, amekuja kwenye mwano kama wengine. Magese akasema, "Mwalimu, hapa sasa tutajua kama sheria ni ya wote." Maximiliana, mimi ndiye niliyeandika sheria zile za sungusungu mwaka 1986. Zimewapiga watoto wa wajane na watoto wa matajiri. Kama siku hiyo ningesema "huyu ni mwanangu, tungoje", kila mama aliyewahi kumfunga kitambaa mwanawe aliyepigwa angekuja kunitemea mate mlangoni, na angekuwa na haki. Kwa hiyo nilikwenda nikampiga kwanza, begani, kwa nguvu zangu zote. Aliniambia, "Baba, kura hiyo umeiona wewe?" Sikuwa nimeiona. Kura ni siri. Watu walizitia katika bahasha, bahasha ukazifungua wewe peke yako huko Bariadi, ukaapa kutozitaja. Huo ndio uliokuwa utaratibu, na nilikuwa nikijivunia.

Wachuuzi wa samaki wametuambia kwamba yuko Lamadi, kwenye vibanda vya dagaa, amefunga mkono kwa kipande cha wavu. Magese amekodi gari. Watu kumi na wawili wataondoka Jumatano tarehe 12, saa tatu asubuhi. Hawaendi kumhoji.

Mimi sitawazuia kwa sababu ya damu. Nitawazuia kwa sababu ya ukweli tu, kama upo. Basi la kutoka kwenu linafika hapa Jumanne mchana.

Mwl. Ndalahwa

*

Bariadi
Jumatatu, 10 Juni 2024

Guku,

Ukweli upo. Baba hakupigiwa kura ya ndiyo. Nilifungua bahasha yake kwa mikono yangu: kura tisa, zote hapana. Nilifurahi siku ile, nikaiweka pembeni niitazame tena.

Nilijua kuna kosa tangu barua yako ya kwanza. Jumatano jioni nilihesabu majina nikapata arobaini na moja, nikahesabu majibu nikapata arobaini. Nilikuandikia "marekebisho madogo" kwa sababu niliogopa aibu. Sikujua kwamba aliyekuwa akisubiri jibu langu ni baba. Lakini hata kama angekuwa mtu mwingine, nilipaswa kusema. Siombi unisamehe kwa hilo leo. Muda ni mfupi.

Umetaka maelezo yaliyo wazi. Ni haya.

Ulinipa daftari la miji arobaini na mmoja ya kijiji. Kila mji ulikuwa na vitu vitatu: jina la mwenye mji, idadi ya ng'ombe, na jibu la kura, ndiyo au hapana. Jina ni neno. Idadi ni tarakimu. Jibu ni aina ya tatu, ambayo si neno wala tarakimu. Njia sahihi ilikuwa kumpa kila mwenye mji kifungu chake, vitu vyake vitatu vifungwe pamoja visiachane. Mimi nilikuwa na haraka. Nilivipanga vyote katika safu moja ndefu: jina, idadi, jibu, jina, idadi, jibu, mpaka mwisho. Zipo lugha za kompyuta zinazokataa safu moja kuchanganya aina. Niliyotumia mimi haikatai. Inapokea chochote unachoiwekea na kunyamaza.

Fikiria gunia moja umetia mahindi, choroko na karanga. Ukitaka mahindi, unachambua. Ndivyo programu yangu ilivyofanya: ilichambua maneno yote ikayapanga mstari wa majina, ikachambua majibu yote ikayapanga mstari wa majibu. Kisha jina la kwanza likapewa jibu la kwanza, la pili jibu la pili, na kuendelea. Mistari miwili ikiwa sawa, hakuna tatizo.

Lakini mji wa kumi na nane ni wa mama Nyanjige, ambaye alikuwa katika matanga ya mumewe. Uliniambia kwamba katika kijiji chetu mji wenye matanga haupigiwi kura, na kwamba nisiandike hata hapana, kwa sababu hapana nayo ni hukumu. Niliacha wazi. Programu ilipochambua, haikuona kitu pale, ikapita. Haikuacha nafasi. Kwa hiyo jibu la mji wa kumi na tisa likapanda kwa mama Nyanjige, la ishirini likapanda kwa wa kumi na tisa, na kila mtu chini ya pale akapewa jibu la jirani anayemfuata. Mwenye mji wa mwisho akabaki bila jibu. Ningeangalia mara moja tu mtu yule wa mwisho, ningeona.

Baba ni wa ishirini na tatu. Alipewa jibu la mji wa ishirini na nne. Ndiyo ile ilikuwa ya Luhende.

Nimeapa kutotaja kura na nimetaja. Wazuie, Guku. Nakuomba kama mtoto anavyomwomba mzazi. Nimetuma pia mtu Lamadi amwambie baba ahame kwenye vibanda vile, lakini sijui kama atampata.

Maximiliana

*

Nkoma
Alhamisi, 13 Juni 2024

Maximiliana,

Baba yako yuko hai. Gari la Magese halikuondoka. Naliandika hilo mwanzo ili usisome mengine ukiwa na hofu hiyo.

Barua yako niliipata Jumanne saa nane. Niliisoma mara mbili nikaielewa. Jana asubuhi nilikwenda gulioni. Wale kumi na wawili walikuwa wamekwisha panda gari, na Luhende alikuwa amekaa juu ya ubao wa nyuma, anachekesha watu. Aliponiona alisema, "Mwalimu, leo tunakula sangara kwa hisani ya mwanao. Tukuletee kichwa?" Nikamwambia ashuke, nina maandishi ya kusoma. Akashuka, akasimama mbele kabisa, kwa heshima, amevua kofia.

Nikaisoma barua yako. Yote.

Usiku mzima wa Jumanne niliwaza kama niruke mstari ule. Ningeweza kuishia pale ulipoandika kwamba baba yako hakupigiwa kura ya ndiyo, nikakunja karatasi. Lakini sijapata kusoma nusu ya waraka mbele ya kadamnasi maisha yangu yote. Niliwafundisha watu wa kijiji hiki kwamba anayesoma nusu ni mwongo kuliko asiyejua kusoma. Nusu yao pale uwanjani walikuwa wanafunzi wangu. Nikasoma jina la Luhende, nikaendelea mpaka kwenye sahihi yako kama mjinga.

Mwanzoni Luhende alicheka. Alidhani ni mzaha wa kulipiza yale ya kichwa. Kisha akasema, "Jamani, mimi? Mimi si ndiye niliyemshika Jilala miguu?"

Magese akasema, "Ndiyo maana ulimshika vizuri."

Ulipoondoka kijijini Luhende alikuwa hajafika. Alitoka upande wa ziwa miaka sita iliyopita, akanunua ekari tatu, akalima pamba. Hana ukoo hapa. Mkewe ni Jenipha, wana watoto wanne. Hajapata kukutwa na kitu cha mtu. Alikuwa na mdomo, na alikuwa akipata pamba nyingi kuliko jirani zake. Nakuuliza, na najiuliza: kura zile zilipima nini? Nilizisimamia mwenyewe. Niliwapa watu karatasi nikawaambia waandike ndiyo au hapana kwa kila mji, na sikumtaka mtu yeyote aandike kwa nini.

Hawakumfunga wala kumhoji. Wa kwanza alimpiga na ubao wa gari usoni. Alipoanguka nilimlalia. Fimbo mbili zilinipata mgongoni, kisha zikakoma, na vijana wawili wakaniinua kama wanavyoinua mgonjwa, wakaniweka kando ya uwanja. Mmoja aliniokotea miwani, akaifuta kwa shati lake akanivisha, akasema, "Pole, Mwalimu." Kisha akarudi. Nilimwona akirudi. Nilimwona akiinua jiwe kwa mikono miwili.

Luhende aliita jina la mkewe, kisha akaniita mimi. Alisema, "Mwalimu, waambie." Niliwaambia. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, wala sikumbuki nilisema nini. Alikufa saa tatu na dakika kumi. Nilijikuta nimeandika saa hiyo kwenye daftari, kwa mazoea ya ukatibu.

Watu waliondoka bila kukimbia. Gulio halikufanyika. Magese aliniachia simu juu ya meza na kusema, "Sasa imelingana."

Hutajilaumu peke yako. Wewe ulichanganya vitu katika safu moja. Mimi nilikuamuru uache pengo, sikukuuliza mashine yako hufanya nini na pengo. Hayo ni makosa ya kazi, na yanarekebishika. Haya mengine hayakuwa ndani ya mashine.

Jana mchana nilimtuma mtu kituoni. Nimeandika majina ya wote niliowaona wakipiga, kumi na tisa, langu la kwanza kwa ajili ya Jilala. Askari wamesema watafika leo. Nimevaa koti, nimekaa uani, nawangoja. Watakuja kwako kuitaka programu. Wape yote, na zile kura, na barua zangu hizi. Usifute neno.

Babu yako,
Ndalahwa

*

Nkoma
Alhamisi, 20 Juni 2024

Mayu Maximiliana,

Ninaandika kwa mkono wa kushoto, uvumilie mwandiko. Wa kulia uko kwenye plasta. Daktari anasema vidole viwili havitakunjika tena.

Mtu wako alinikuta. Nilikuwa nimeshahama kibanda nikalala chini ya mtumbwi uliopinduliwa, mama mmoja muuza dagaa ananiletea uji. Mtu wako alinisomea ujumbe wako pale pale. Ile habari ya majina na majibu kuhama sikuielewa vizuri, ila nilielewa kwamba wewe hukuniandika mwizi. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka kujua. Siku zile zote Lamadi nilikuwa nafikiri, kama ni mashine ya mwanangu imesema, basi labda kweli nimefanya jambo na sijui.

Nilirudi Ijumaa, nikakuta habari ya Luhende. Tulimzika Jumamosi. Wanaume wengi wa kijiji wamekimbilia Maswa na Meatu, polisi wanawatafuta. Magese hajulikani alipo. Kaburi tulichimba watu watano, mmoja padri. Mimi nilikuwa natoa udongo kwa beseni. Watu walinitazama. Nilijua wanachowaza: huyu alishikwa miguu na marehemu, anafanya nini hapa. Nilikuwa nimemchukia Luhende siku kumi na tano, usiku na mchana, nikipanga nitakachomfanya. Nilipomwona ndani ya shuka, sikuona pa kuiweka chuki ile.

Ng'ombe wa Mzee Mihayo hawajapatikana. Kuna wanaosema walionekana Meatu, wengine wanasema waliuzwa mnadani. Sijui kama Luhende aliwaiba. Hakuna anayejua, na sasa hakuna anayeuliza.

Guku wako yuko huko huko Bariadi, mahabusu. Anaruhusiwa kuonwa Jumanne na Ijumaa. Mpelekee chakula, na kitu cha kujifunika, kifua chake si kizuri. Mimi siendi kwanza. Begani pale alipopiga pamepona, pengine ndipo palipopona mapema kuliko kote, lakini nikilala upande huo naamka. Mwambie pamba yake imechumwa na nimeiuza. Mwambie hilo tu.

Jambo moja zaidi. Baada ya matanga Jenipha alikuja hapa nyumbani na yule mtoto wake mdogo. Mama yako alimkaribisha akakataa kukaa. Alisimama mlangoni, akaniuliza, "Baba Maximiliana, wewe mwanao ndiye mwenye ile kompyuta?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Wewe walikukosea wakakusafisha. Wamesoma barua mbele ya watu. Mume wangu nani atamsomea barua?"

Mama yako akamsogezea kiti tena, Jenipha akakataa.

Akasema, "Basi niulizie. Jina lake bado limo mle ndani? Na mbele yake bado pameandikwa ndiyo?"

Nilimwambia nitakuandikia. Amesema atarudi Jumapili kuchukua jibu. Nimewatazama watoto wake, mayu, na sijui ni jibu gani ambalo ni la kweli na linaweza kutamkwa mbele yao. Wewe umesoma. Andika unachokijua, nami nitamsomea kama kilivyo.

Baba yako,
Jilala